Mkono wa Shemeji Kwenye Waya

Mume wa dada yangu ni mtu anayeweza kukaa saa nzima akisikiliza sufuria inavyochemka, halafu akakueleza sufuria ilisema nini. Dada anasema alimkubali kwa sababu hiyo. Mimi nasema alimkubali kwa sababu hakuwa amemjua vizuri. Ndio utani wetu wa shemeji na shemeji, naye hunirudishia palepale. Tumefanya kazi pamoja kwenye klabu ya kuogelea miaka tisa, mimi dirishani nikigawa taulo na funguo za makabati, yeye nje akisafisha bwawa.

Kila jioni saa kumi na moja, waogeleaji wakishatoka, Shemeji alishika mpini wa alumini wenye brashi mwishoni, mrefu kuliko chumba changu cha kulala, akasugua sakafu yote ya bwawa. Aliusukuma mpini hadi katikati, akauvuta, akasogea hatua moja, akausukuma tena. Upande huu, kisha upande ule. Hakuruka hata kigae kimoja. Akimaliza alikuja dirishani kwangu akafungua daftari la kufungia, ambalo kila siku lazima mtu aandike kwamba amekagua chini ya maji na hakuna mtu wala kitu kilichobaki. Alisaini, tukaenda zetu nyumbani.

Kisha Meneja akanunua Kobe.

Jina hilo tulimpa sisi. Ni roboti ya kusafisha bwawa, ukubwa wa sanduku la safari, ina magurudumu ya mpira, brashi mbili tumboni, na waya mrefu unaoelea juu ya maji hadi kwenye kisanduku cha umeme kando ya bwawa. Fundi aliyeileta alituonyesha. Unaizamisha taratibu, unaitikisa hewa itoke, inashuka yenyewe hadi chini, unabonyeza kitufe, unakwenda kunywa chai. Meneja, mama mmoja ambaye miwani yake huning'inia kifuani kutwa, alifurahi kama aliyepata mkwe. Mpini akauweka stoo kwa mikono yake mwenyewe. "Umeinama vya kutosha," akamwambia Shemeji.

Nilimsubiri Shemeji anune, maana mimi ningenuna wiki mbili. Hakununa. Alimbana fundi kwa maswali mpaka kijana wa watu akaanza kutoka jasho. Inajuaje kwamba imefika ukutani? Ikipanda ukuta, inajuaje kwamba maji yameisha? Kwa nini isizunguke palepale hadi asubuhi?

"Ndani kuna kitu kinachohisi ikiinama au ikigonga," fundi akasema.

"Kwa hiyo haioni."

"Haina macho, mzee. Inagusa tu."

"Inagusa tu," Shemeji akarudia polepole, na niliona jambo hilo limemwingia.

Mimi nami nina ugonjwa wa kutaka kujua. Jioni nikishafunga dirisha nilikaa dakika chache kumtazama Kobe. Alitambaa sakafuni, akapanda ukuta, akifika juu akanyonya hewa kwa kelele kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija, kisha akajiachia akarudi chini. Kuna wakati alisugua kona moja mara nne, na jani liko pembeni yake linamsubiri. Nilimgombeza. "Kushoto, mjinga wewe." Nilikuwa na hakika siku moja atanisikia.

Kilichonishangaza ni kwamba Shemeji hakuwa anamtazama. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, waya ukipita kiganjani mwake, uso ameuelekeza kwenye paa la jirani. "Sasa anapanda," anasema, na kweli Kobe anapanda. "Sasa amepata mchanga." Tukimtoa na kufungua chujio, mchanga upo. Nilimjaribu siku tatu mfululizo, hakukosea hata mara moja. Nilimpigia Dada nikamwambia mumewe sasa anavua kobe kwa mshipi, tukacheka hadi simu ikaisha chaji.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulipa uzito. Maji ya bwawa hupimwa kwa vichupa. Unadondosha dawa, maji yanabadilika rangi, unalinganisha na kadi. Kwa muda mrefu Shemeji alikuwa akiniletea vichupa hivyo dirishani. "Nyie wanawake mnazijua rangi," anasema. "Hii ni ipi?" Nikajiona bingwa. Kumbe nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alhamisi ya wiki ya tatu, watoto wa darasa la kuogelea walitoka, Shemeji akalizunguka bwawa, akaja akasaini daftari, akaenda kumtumbukiza Kobe. Mimi nilikuwa nakagua makabati. Akaniita.

"Shemeji, hebu njoo. Kobe anatetemeka vibaya, kuna kitu kimemshika. Niangalizie yuko wapi."

Nilikwenda upande wa kina kirefu nikainama. Chini kabisa kulikuwa na mtoto. Amejikunja, ana nguo ya buluu iliyokoza, na Kobe amempanda mgongoni. Nilishavua viatu, nilishapiga ukelele, ndipo Kobe akajisogeza na yule mtoto akafunguka, akawa taulo. Taulo letu la klabu, lenye ukingo mweupe. Nikaketi palepale kwenye vigae vilivyolowa.

Hofu ilipotoka ikaingia hasira, na hasira yangu haina breki. "Umesaini," nikamwambia. "Taulo hili hapa, kubwa kama godoro la mtoto, na wewe umesaini kwamba hakuna kitu. Ulikuwa unatazama nini?"

"Liko wapi?" akaniuliza.

Nilidhani ananichezea. Nikanyoosha kidole. Akakunja uso akatazama, lakini alitazama kando, hatua tatu kutoka lilipokuwa. Hapo nikaelewa mambo mengi kwa mpigo, vichupa vikiwemo.

"Shemeji, unaona nini?"

"Naona mwanga. Naona kwamba maji yapo. Wewe nakuona kama umesimama nyuma ya pazia." Alisema bila kugeuka. "Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Mwaka wa pili sasa."

"Dada anajua?"

"Dada yako anadhani nimekuwa mvivu wa kusoma."

Akaendelea mwenyewe. "Wakati wa mpini sikuwa na wasiwasi. Niligusa sakafu yote. Taulo, miwani ya kuogelea, hata kibanio cha nywele, mkono ulikuwa unaniambia. Nilichokisaini nilikuwa nakijua. Sasa nimebaki na waya, na waya unaniambia baada ya kusaini. Siku kumi na nne nimeandika jina langu chini ya kitu nisichokijua." Aliubinya waya kiganjani. "Niliogopa watasema, kipofu anafanya nini bwawani."

Nilijionea aibu. Mtu nimekaa naye miaka tisa, najua hata anavyopiga chafya, na mimi mwenye kuuliza kila kitu sikuwahi kumuuliza kwa nini hatazami.

"Twende kwa Meneja," nikasema.

"Nakwenda peke yangu. Wewe mzime Kobe, ataunguza mota."

Nilimzima Kobe, kisha nikaenda kutega sikio mlangoni, sina haya. Alieleza yote akiwa amesimama, tangu mwanzo, hakujipunguzia lawama.

"Na mpini niliuondoa mimi," Meneja akasema. "Sikukuuliza hata unautumia kwa nini." Kisha akakohoa, akarudi kuwa meneja. "Kuanzia leo hutasaini daftari. Kesho uende hospitali ya macho. Habari ya kazi yako siwezi kukuahidi kitu mpaka nizungumze na wenye klabu."

"Sawa, mama," Shemeji akasema.

Hospitalini walimpa tarehe ya kupasuliwa, wiki tatu mbele, jicho la kulia kwanza. Dada alimsindikiza. Alilia njia nzima ya kwenda na kumgombeza njia nzima ya kurudi. Wenye klabu hawajajibu mpaka leo.

Jioni ya siku hiyo ya hospitali, Shemeji alikuja kazini kama kawaida. Watoto walipotoka, Meneja akaniwekea daftari mbele yangu. Mimi ndiye mwenye macho mazima. Nikaenda ukingoni kifua mbele, nikatazama. Jua lilikuwa linapiga maji kwa ubavu, na maji hayakuwa yametulia. Niliona vigae vinacheza. Niliona kivuli cha ngazi. Niliona doa jeusi, nikasema ni tundu la kutolea maji, nikazunguka upande wa pili na doa halikuwepo. Nikarudi, likawepo. Nikajiambia hakuna kitu, nikaenda nikashika kalamu. Akilini nikamwona tena yule mtoto aliyejikunja chini ya Kobe. Mkono haukuandika.

Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, Kobe yuko nje ya maji miguuni pake. "Vipi?" akauliza. "Umeona?"

"Nimetazama," nikasema. "Sijui kama nimeona."

Hakunicheka, na nafasi ya kunicheka alikuwa nayo. Nilikwenda stoo nikauvuta mpini kutoka nyuma ya viti vilivyovunjika, nikamtia mkononi. Akasimama, akautafuta ukingo wa bwawa kwa mguu, akausukuma mpini hadi katikati, akauvuta, akasogea hatua moja. Nilimfuata nyuma na daftari hadi akamaliza pande zote mbili.

"Hakuna mtu wala kitu," akasema, na mimi nikasaini.