Kobe Chini ya Nyasi za Wageni

Aibu hii nimeificha miaka, lakini naisema mwenyewe leo, maana mkisimuliwa na jirani yangu Adelina ataongeza chumvi mpaka isilike.

Ilikuwa ile miaka sabuni tunaipangia foleni, hapa hapa Nyabiyonza. Nilikuwa nafuga kobe wawili, mke na mume, niliowaokota migombani wakiwa wadogo kama kiganja, nikawalisha maganda ya ndizi na majani ya viazi mpaka wakawa kama masufuria. (Msiniulize faida. Kuku ana faida na anakunya mezani.) Tabu yao hawakai ulipowaweka. Unamtafuta nje, kumbe yuko chini ya kitanda chako, na ukimgombeza anaingiza kichwa ndani kama vile husemi naye.

Sasa mjukuu wangu Kemilembe, niliyemlea tangu mama yake afariki, akapata mchumba wa Isingiro, akampenda mpaka chakula kikamshinda. Kabla wakwe hawajaja, mshenga wao, Mzee Rwegoshora, akapita kwangu akanong'ona, "Mama, wale watu wamesikia habari za kobe wako, wanadhani ni mambo ya uganga. Wapeleke kwa jirani siku hiyo moja tu."

Mimi na kiburi changu nikamjibu, "Nihamishe wenye nyumba kwa ajili ya watu wa kula na kuondoka?" Nikawafungia chumba cha ndani. Mlango wenyewe ulikuwa wa matete na chini umeoza, nalijua hilo, nikapuuza.

Siku ikafika. Nikatandika nyasi mpya sebuleni kama tunavyompokea mgeni wa heshima, nene, zinanukia, wanaume wakakaa kwenye viti na sisi wanawake chini. Kemilembe akapitisha kijikapu cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni akiitafuna amekubali kukaribishwa, baba wa kijana akasema yeye atatafuna mambo yakishaeleweka. Ndipo shangazi wa kijana akanigeukia.

"Bibi, tumesikia unafuga kobe."

Nikamwona Kemilembe amekauka mlangoni, nikajibu, "Kobe? Hao niliwatupa zamani."

Sijafunga mdomo, nyasi zikaanza kuinuka karibu na mlango wa ndani, taratibu, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi, zinamfuata yule shangazi. Nikapaza sauti, nikauliza habari za mvua Isingiro, nikauliza habari za migomba yao, mgomba mmoja mmoja. Haikusaidia.

"Nyoka," akasema shangazi, akapanda juu ya kiti cha mshenga huku mshenga amekikalia.

Baba wa kijana akashusha fimbo. Ko. Akapiga tena. Ko. Kobe jike akatoa kichwa, jani la nyasi limemning'inia mdomoni, na mumewe yuko nyuma yake (hajawahi kumwacha aende peke yake).

Adelina, niliyemwalika awe upande wangu, akasema, "Hao waliotupwa wamejua njia ya kurudi."

Hakuna aliyecheka. Baba wa kijana akachukua kofia yake. "Mama, kobe simwogopi, shambani kwangu wamejaa. Ila dada yangu amekuuliza, ukamtazama machoni ukasema huna. Na huyu binti, yapi tuliyoambiwa ni kweli?"

Kijikapu kikamponyoka Kemilembe, kahawa ikamwagika. Mimi, ambaye napiga magoti kanisani tu, nikapiga magoti kwenye nyasi zile mbele ya Adelina. "Uongo ni wangu. Mtoto alinisihi asubuhi niwatoe, nikamfukuza."

Baba wa kijana akamgeukia Kemilembe. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba," akasema Kemilembe. "Hata mlango nilimwambia umeoza."

 Baba wa kijana akainama, akaokota punje moja ya kahawa kwenye nyasi, akaipangusa, akaitafuna. "Huyu anasema kweli hata ya kumwaibisha bibi yake," akasema. "Tunamchukua."

Wakaoana. Lakini hadi leo nikienda Isingiro siulizwi habari za safari, ni "Shikamoo bibi, wale uliowatupa hawajambo?" Nami naitikia marahaba, nifanyeje. Kobe bado ninao, siwatoi. Ila mgeni akibisha hodi kwangu, namwambia wako wawili kabla hajavua viatu, halafu nazikanyaga nyasi zote mwenyewe, kona hadi kona, ndipo namwambia karibu ukae.