Sindano za Twiga
Pale kwenye chumba cha dobi, mama mpiga pasi alijulikana kwa domo lake. Habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri imeshazagaa. Jambo moja tu alilimeza miaka yote: bintiye, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alikuwa akichomwa sindano ya kupanga uzazi tangu akiwa kidato cha pili, na aliyempeleka ni yeye mwenyewe.

Mama huyo alimzaa Twiga akiwa bado ana sare ya shule, na masomo yakaishia hapo. Kwa hiyo alipogundua kuwa binti ana mpenzi, hakugomba. Alimshika mkono wakaenda zahanati.

Twiga alimaliza shule, akawa mwalimu wa michezo, na jioni akicheza mpira wa kikapu. Kila miezi mitatu alirudi kuchomwa. Muuguzi alichoma, akaita mteja anayefuata. Hakuna aliyemuuliza alianza lini.

Kisha mguu ukaanza kumuuma. Hakuanguka wala hakugongwa, lakini picha aliyopigwa hospitali, mama yake akiwa kando, ilionyesha ufa kwenye mfupa.

"Unatumia dawa yoyote?" daktari aliuliza.

Twiga alimtupia mama yake jicho kwanza. "Sindano ya uzazi. Tangu nina miaka kumi na sita."

Daktari, mwanamke wa makamo, aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba sindano ile hupunguza uimara wa mifupa, na ujana ndio wakati mifupa inajijenga. Hakusema ndiyo iliyoleta ufa. Mazoezi makali nayo huenda yalichangia. "Ukiiacha, mara nyingi mifupa hujijenga tena. Na njia nyingine zipo."

"Na kizazi, daktari?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Hakijakauka?"

"Hakikauki, mama. Kinaweza kuchelewa kidogo kurudi kawaida, basi."

Nyumbani, wifi ya mama alipoisikia habari alikuwa na lake. "Kumbe! Mtoto wa watu umemmaliza na madawa yako." Mama alitoka akaketi ugani. Twiga akamfuata kwa magongo.

"Nisamehe, mwanangu. Mguu huo nimeuvunja mimi."

"Mama, ungeniacha, leo ningekuwa napiga pasi pamoja nawe. Na pasi yangu unaijua."

Mama alicheka bila kutaka. Shati la mwisho alilopiga Twiga lilibaki na alama ya pasi mgongoni.

"Ila kitu kimoja kiliniuma," Twiga akasema. "Hukuniambia kwa nini. Nilidhani unaniona malaya."

"Niliona aibu. Nilikuwa naogopa yaliyonikuta mimi."

"Basi ungesema hivyo tu."

Twiga akaacha sindano, akachagua kitanzi cha kupanga uzazi kisicho na homoni. Alifundisha msimu mzima akiwa ameketi kwenye kiti, filimbi mdomoni, watoto wakimwonea huruma kwa siku mbili kisha wakamzoea.

Kule kazini, mwenzake mmoja alimnong'oneza mama kuhusu binti yake wa miaka kumi na tano aliyepata mpenzi. "Mpeleke zahanati," mama alimwambia. "Ila kaa naye kwanza, mzungumze. Na mkifika, mwache aulize mwenyewe. Mimi nilimjibia kila kitu."

Mguu wa Twiga uliunga. Alirudi uwanjani, ingawa akicheza sana mguu humkumbusha.