Kuitwa Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja jirani na Kinampanda, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, rejista ya mahudhurio na onyo.

"Wewe umetoka Kintinku, kwa hiyo nakwambia mapema. Mtoto akiwa nje, hakuoni, mwite mara mbili. Mara ya kwanza hataitika."

"Huo si utovu wa adabu, Mwalimu?"

"Ni tahadhari. Usiyemwona akikuita mara moja tu, huenda si mtu. Mtu atarudia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nyuma ya shule kulikuwa na majabali makubwa, na baada ya miezi michache ya kusikiliza upepo ukipita kati yake, hata mimi nilianza kungoja mwito wa pili.

Enzi hizo za Waingereza, mtihani wa darasa la nne ndio uliompeleka mtoto shule ya kati. Aliyeshindwa alirudi kuchunga. Karatasi zilitungwa mbali, zikaja katika bahasha iliyopigwa lakiri. Sehemu iliyoogopwa zaidi ilikuwa ufahamu: mwanafunzi husoma habari fupi, kisha hujibu maswali kuonyesha kwamba ameielewa. Mwaka wangu wa tatu, habari ilimhusu msafiri anayepita peke yake penye mawe, akasikia jina lake likiitwa. Swali lilikuwa: ungekuwa wewe, ungefanya nini kwanza?

Bwana Mkaguzi wa Shule, Mwingereza, alisahihisha ofisini kwetu. Mchana akaniita. Watoto wote ishirini na sita walikuwa wameandika: Ningenyamaza.

"Mwongozo unasema, ningeitika," alisema. "Hawa wamenakiliana. Nafuta mtihani wote."

Akamwita Eliza, binti wa dawati la mbele. "Wewe umenakili kwa nani?"

"Kwa bibi yangu, Bwana."

Mwalimu Mkuu alikohoa kuficha kicheko. Mimi nikasema, "Bwana, aliyetunga swali aliwaza njia za kwao. Hapa, jibu hilo ndilo linaloonyesha kwamba mtoto ameelewa."

"Mtihani haupimi ushirikina, Mwalimu." Akashika kalamu nyekundu.

Ndipo sauti ikatoka kwenye majabali. "Teddy." Mara moja, waziwazi, kama mama anayemwita mtoto aje kula.

Nilitazama dirishani. Watoto walikuwa wamejipanga uani, wametuelekea, midomo imefungwa. Nyuma yao mawe matupu. Upepo ulikuwa umetulia.

Bwana Mkaguzi aliinuka nusu, akafungua kinywa. Eliza, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtikisia kichwa. Mzungu yule akakifunga.

Tulingoja. Haikuita tena.

"Nani hapa anajua jina langu la nyumbani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Sisi tulimjua kwa cheo chake tu. Alikaa, akavuta karatasi moja moja, akazitia zote ishirini na sita alama ya sahihi. Aliondoka bila kunywa chai. Eliza alikwenda shule ya kati.

Nimefundisha shule tano tangu hapo, na sasa nimestaafu. Walimu vijana wakija kuniuliza juu ya usahihishaji, nawaambia: kabla hujamkosoa mtoto, jiulize amesimama wapi anaposoma.

Wajukuu wangu hulalamika kwamba babu amekuwa kiziwi, chakula kinapoa. Masikio yangu ni mazima. Nangoja waniite tena.