Nyanya na Ndama wa Kwenye Katuni

Sehemu ya kwanza ya katuni ya ndama tuliitazama kwa jirani, hapa Kimulot, kwa sababu kwetu hakukuwa na TV. Ndama alikuwa amepotea msituni, mvua inanyesha, na sisi watoto tunalia. Ndipo nyanya yangu akafika kutuchukua, kikapu cha majani chai bado mgongoni. Akatazama kidogo, kisha akamwita yule ndama kwa Kipsigis, lugha yetu, vile alivyowaita ng'ombe wetu kila jioni. Ndama akageuka, akakimbia moja kwa moja hadi kwa mamake. Watu wazima walicheka mpaka machozi. Wacheke tu. Aliyeichora katuni hiyo simjui, Mungu ambariki. Lakini aliyemrudisha ndama nyumbani ni nyanya yangu. Mimi nilikuwepo.