Kofia Mbili za Vitanzi Hamsini na Sita

Watoto wa dada yangu mdogo walizaliwa kabla ya wakati wao, katika baridi ya mwezi wa saba, asubuhi ambayo kila mtu mtaani kwetu Hewa Bora alikuwa akitoa moshi mdomoni. Walikuwa wawili, wasichana. Muuguzi wa zahanati aliwaweka kifuani kwa mama yao, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi, kisha akajaribu kofia niliyoikimbilia sokoni. Ilimshuka mtoto mpaka puani.

"Hii ni ya mutoto wa miezi tatu, papa," akaniambia. "Joto yabo inatokea kwa kichwa. Mulete bikofia bya kiasi yabo, mbele jua haijaingia na baridi ya usiku."

Baba yao alikuwa Kasenga kununua samaki na simu yake haikushika. Nikaenda kwa mama yake huyo baba, bibi wa watoto, barabara mbili tu kutoka pale. Yule mama ni mtu wa Kasai, amefuma nguo za watoto wachanga maisha yake yote, kwa spoku za baiskeli, zile njiti za gurudumu, alizozisugua kwenye sementi mpaka zikateleza. Alinisikiliza huku tayari anatafuta uzi.

"Moja nitamaliza saa saba," akasema. "Ya pili, saa kumi na mbili. Jua itakuwa imeingia."

"Basi nipeleke ya kwanza, nirudi kuchukua ya pili."

"Hapana! Ni mapasa. Kwetu hauvalishi mumoja na kuacha mwenzake. Ule unamuacha anakasirika, anarudia kwenye alitokea."

Alilisema hilo la mapacha kama mtu anayesema maji yamechemka. Mimi si mtu wa imani nyingi, lakini nilikuwa nimewaona wale watoto saa moja iliyopita, na safari ya kurudi walikotoka niliiona ni fupi mno.

"Miye najua kufuma," nikasema.

Akaniangalia toka viatu mpaka kichwani. "Weye? Masomo ulishindwa kumaliza, njo utamaliza kofia?"

Niliacha shule mapema, ni kweli, lakini sijawahi kuona karatasi nikaiacha bila kujua inasema nini. Mwaka mmoja nilikwama Mokambo wiki nzima nikisubiri lori, na mwanamke Mzambia aliyeuza nyuzi kando ya mpaka aliniachia kijitabu cha kufumia cha Kiingereza. Kilijaa herufi kama namba za magari. Nilimsumbua mpaka akanifundisha. *K* ni kitanzi cha mbele: sindano inaingia kutoka mbele, uzi uko nyuma. *P* ni kinyume chake, uzi unakaa mbele na kitanzi kinaacha kifundo. *K2tog*, shika viwili ufume kama kimoja, kazi inapungua. Ukikuta nyota na *rep*, rudi kwenye nyota uanze tena. Nilifuma skafu moja pale mpakani, nikaiuza, nikapanda lori.

Kijitabu kilikuwa bado ndani ya begi langu. Kulikuwa na kofia ya mtoto mdogo kabisa: vitanzi hamsini na sita. Mama akakubali hesabu ile, akaniwekea vitanzi kwenye spoku tatu, akaniachia ya nne ya kufumia.

"Ya kuzunguka," akasema. "Mushono kwa kichwa ya mutoto wa siku moja? Hapana."

Tukakaa mlangoni penye jua. Yeye hakutazama mikono yake. Mimi nilisoma, nikafuma, nikasoma tena. Wanawake waliopita na ndoo walisimama.

"Eh, papa! Utazaa lini?"

"Anafuma ya mapasa ya dada yake," mama akawajibu. "Mupite, musimupotezee hesabu."

Hesabu ilikuwa imeshapotea. Nilirudi nyuma vitanzi kumi na viwili.

Saa saba kofia yake ilikuwa tayari, laini, ndogo, juu ya kiti. Haikuwa na kazi yoyote pale kwenye kiti. Dada akapiga simu, akiniita kama kaka mkubwa.

"Yaya, ule mutoto mudogo miguu yake iko baridi. Muko wapi?"

"Tunamaliza," nikasema. Nilikuwa nimefika nusu tu.

Niliomba tena nipeleke ile moja. Mama aliivuta akaiweka mapajani mwake. Nikafuma haraka zaidi, vidole vikaniuma kwa chuma kile chembamba. Vitano vya mbele, viwili pamoja, rudi kwenye nyota. Saa tisa nilikata uzi, nikaupitisha kwenye vitanzi vya mwisho, nikavuta. Kofia ikajifunga.

Mama akaziweka mbili pamoja, akanisogezea nizitazame vizuri. Yake ilikuwa laini kama kitambaa cha fulana. Yangu ilikuwa na mistari mistari ya mafundo kuizunguka yote.

"Ulifanya nini?"

Nikamwonyesha kijitabu. Mstari wa kwanza *k*, wa pili *p*, hivyo hivyo mpaka juu. Akacheka bila furaha.

"Hii ni ya sindano mbili! Ule wa sindano mbili anageuza kazi, mustari wa pili anaufuma kwa mugongo. Weye ulizunguka tu, haukugeuza ata mara moja. Njo mafundo yote ilibakia inje."

Kumbe kitabu hakikuwa kimekosea. Kilikuwa kinaongea na mtu mwingine.

"Nifumue?"

"Ilikukamata masaa ngapi?"

Jua lilikuwa limeacha mlango na kufika kwenye ukuta wa jirani. Mama aliutazama ule ukuta, akaitazama kofia yangu. Akachukua yake, ile nzuri, akatafuta mwisho wa uzi na kuuvuta. Kofia ilifumuka mapajani mwake mzunguko kwa mzunguko, mpaka ukabaki ukingo wa chini peke yake. Akairudisha kwenye spoku.

"Mapasa, kofia ifanane. Soma," akasema. "Kama vile ulisoma weye. Usirekebishe kitu."

Nikasoma. *K*, mzunguko mzima. *P*, mzunguko mzima. Alifuma kosa langu kwa mikono ambayo haikujua kukosea, na kwa mwendo ambao hakuwa nao asubuhi, nami nikashindwa kuufuata kwa mdomo. Alikuwa ananiambia "na kisha?" kabla sijameza mate. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa anafunga uzi.

Tulikimbia mpaka zahanati, yeye amevaa kandambili. Muuguzi alizipokea bila kutazama mistari, lakini mama akamshika mkono.

"Wakati mumoja, mwanangu. Na mwenzako akusaidie."

Muuguzi akamwita mwenzake. Kila mmoja akashika kofia, wakazivalisha pamoja. Zilikaa juu ya nyusi na hazikushuka. Dada yangu akavuta blanketi. Kisha hapakuwa na la kufuma tena, tukasimama tu, yule mama wa Kasai ameshika mguu wa pacha mdogo kati ya vidole viwili, haachii, akinikataza kwa macho nisiulize. Nje kulikuwa giza tayari aliposema, "Gusa."

Nikagusa. Haukuwa na joto la kujisifia. Lakini haukuwa baridi.