Mishale ya Risiva ya Baba

Ugatuzi ulipofika Isiolo, wengine waliletewa barabara na wengine wakaletewa ahadi. Mtaa wetu uliletewa kelele. Kila mwanasiasa aliyetaka kiti alikuja na gari lililosheheni spika mpya za plastiki, tukahutubiwa mpaka mbuzi wakahama. Watu wawili tu ndio waliozidharau spika hizo: baba yangu, mstaafu wa idara ya mifugo, na jirani yetu, mfanyabiashara wa miraa aliyeteremka kutoka mlimani zamani na akasahau kurudi. Hawa walikuwa wataalamu. Kila mmoja alikuwa na mashine kuukuu ya Kijapani, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ya mwenzake inafaa kuwekewa vyungu vya maua.

Ya baba ilikuwa risiva, yaani amplifaya na redio katika sanduku moja, ya rangi ya fedha na mbao ubavuni. Aliuziwa na daktari wa mifugo, mzungu, aliyekuwa akirudi kwao. Mbele ilikuwa na vioo viwili vyenye mwanga wa buluu, na ndani ya kila kioo mshale uliorukaruka kufuata muziki. Ya jirani ilikuwa amplifaya tupu, nyeusi, haina redio wala mshale, nzito hata meza ikaikataa ikabidi ikae sakafuni.

Utaalamu wao ulikuwa wa ajabu. Baba alipima nguvu ya mashine jinsi alivyopima fahali mnadani Oldonyiro: aliiinua kidogo, akaipiga kofi ubavuni, akatikisa kichwa. Jirani alijiona msomi, kwa hiyo yeye alisoma nyuma. Nyuma ya yake paliandikwa wati mia tano, na nyuma ya risiva ya baba mia tatu, basi akautangazia mtaa kwamba ubishi umekwisha. Nilijaribu kuwaeleza kwamba namba ile ni ya umeme unaoliwa, si ya sauti inayotoka, na kwamba alichokuwa akijivunia ni ulafi tu. Wote wawili walinitazama kwa huruma. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Lakini baba alikuwa akipoteza masikio, na hilo halikuwa na mzaha. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na siku hizo alianza kuwakemea waimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwamba wanaimba kwa siri. Mama alimwambia aende akapimwe. Akajibu kwamba ameshakula. Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, na baba alikuwa ameapa kwamba muziki wa harusi utatoka kwenye risiva yake, naye mwenyewe akiwa nyuma ya vitufe. Niliogopa. Kama angeaibika siku ile mbele ya kanisa zima, kwaya angenyang'anywa, na sijui angebaki na nini.

Jirani naye alikuwa akisema mbele za watu kwamba harusi ya heshima haichezeshwi na wati mia tatu.

Jumamosi moja alasiri, stima iliporudi, waliamua kushindana sebuleni kwetu: spika zilezile, deki ileile ya kaseti, wimbo uleule, mashine mbili. Jirani alileta yake kwa wilbaro, shavu limejaa miraa. Wakaanza na hiyo nyeusi. Vikombe vilitetemeka kabatini, na besi ilikuwa safi hata mimi nilisahau kwamba nilikuwa upande wa baba. Baba aliikazia macho mashine muda wote, kisha akatoa hukumu kwamba hakuna kitu pale, maana hajaona mshale ukiruka.

Ikafika zamu yake. Alikataa kusaidiwa. Sasa, risiva ile ilikuwa na mahali pawili pa kuchomeka nyaya za spika, A na B, na kitufe cha mbele cha kuchagua. Baba alichomeka nyaya kwenye B, akaacha kitufe kwenye A. Akawasha wimbo, akazungusha sauti. Mishale ikaruka. Spika hazikutoa hata mkwaruzo. Kuku walikuwa wakichakura nje, na niliwasikia vizuri kabisa.

Baba aliitazama ile mishale akipiga goti kwa kiganja, polepole, kwa raha zake.

“Mnasikia hiyo besi?” akauliza.

Nilimgeukia jirani nikisubiri kicheko. Mtu yule alikuwa amemtania baba miaka yote, kuanzia Uturuki, maana hivyo ndivyo alivyoita Uturkana wetu, hadi viatu vyake. Aliitazama spika, akakitazama kitufe, kisha akamtazama baba. Akasogea mpaka mbele yake, mahali ambapo baba angeweza kuisoma midomo yake.

“Mzee, leo umenimaliza,” akasema. “Hiyo kitu yako iko na nguvu.”

“Nilikuambia, mtu wa mlima,” baba akajibu. “Wati si ya kusoma.”

Jirani akainama kama anayeistaajabia mashine, akapunguza sauti, akabonyeza B. Wimbo ukaanza kusikika, kwa chini. Mkono wa baba uliendelea kupiga goti vilevile. Nilitoka nje nikalia, nikasingizia vumbi, kitu ambacho Isiolo hatujawahi kupungukiwa nacho.

Siku ya harusi jirani ndiye aliyeibeba risiva kwa wilbaro lake, akinung'unika njia nzima. Risiva iliwekwa uwanjani, na jua likaufuta kabisa ule mwanga wa buluu. Mishale haikuonekana, baba akabaki hana pa kutazama. Jirani akavuta kiti, akaketi ubavuni pake, akawaambia wageni kwamba amekuja kuichunguza mashine iliyomshinda. Alilalamika mchana kutwa kwamba besi imezidi. Na kila wimbo ulipoisha, alimgusa baba begani, naye baba akabadilisha kaseti.