Dumu la Nyuma ya Jiko

Dumu lile nalichukia hadi leo. Lilikuwa la njano, zamani lilibeba mafuta ya kula, na mama alikuwa ameliweka nyuma ya jiko, nyumbani kwetu Bweranyange, kifuniko kimekazwa. Asubuhi, kabla hata sijamwambia shikamoo, aliniuliza: "Umeshaenda?" Alimaanisha kukojoa humo.

Ng'ombe wetu waliuzwa baba alipougua, samadi ya migomba ikaisha. Baba alipofariki tulibaki wawili, mimi na mama, na kibanja chenye migomba iliyogeuka manjano. Bwana shamba akamweleza mama kwamba migomba ina njaa ya nitrojeni: tunaila kwenye ndizi na maharage, inatutoka kwenye mkojo, kisha tunaenda kuitupa chooni. Mama alishika hilo tu. Tangu siku hiyo, kukojoa kwa jirani kukawa wizi. "Umekwenda kulisha migomba yao," alinigombeza.

Kuchanganya na maji ilikuwa kazi yangu. Ukifungua kifuniko, ile harufu inakuchoma macho na kukung'ang'ania kooni. Nilitapika zaidi ya mara moja. Niliumwaga kwenye vijifereji kuzunguka mashina na kufukia upesi, maana bwana shamba alisema harufu hiyo ndiyo mbolea yenyewe inayopotelea hewani. Kwangu ingepotea yote, nisingelia. Mikono ilininuka hata baada ya sabuni, na nilikuwa na mchumba kijiji cha Nyakasimbi. Akija, niliificha ndani ya kanga.

Migomba ikarudi kijani, tena kijani cha kuudhi. Siku wazazi wa mchumba walipokuja kuniposa, mama alikata mkungu kibanjani mwake. Kwetu, kuwanunulia wakwe ndizi sokoni ni kujitangazia umaskini. Mimi nilizimenya nikiwa nimebana pumzi, na sikuzionja.

Baba mkwe alikula, akasifu, akauliza migomba hii inakula mbolea gani. Nilimkanyaga mama mguu.

"Mkojo," mama akajibu. "Wangu na wa huyu binti."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mkwe aliitazama sahani, akamega tena, akatafuna taratibu.

"Sasa mama," akasema, "tukimchukua, si utabaki na nusu?"

Wageni wakacheka. Mama hakucheka.

"Najua," akasema, akamwongezea ndizi.